Mdeni Asiyejua Deni Lake

Deni, katika fikira za watu wa kale, lilikuwa jambo la watu wawili wanaojuana. Mmoja alitoa, mwingine alipokea, na wote wawili walikijua kiasi, siku ya ahadi, na mlango utakaobishwa ahadi ikipita. Mdeni aliweza kumkimbia mwia wake, au kumtuma mtoto aseme baba hayupo. Lakini hata uongo huo ulikuwa ungamo, maana hakuna mtu ajifichaye kwa ajili ya jambo asilolijua. Katika zama hizi umezuka uhusiano wa namna nyingine. Usiku wa manane mtambo wa mfanyabiashara huupelekea mtambo wa benki ombi la fedha. Mtambo wa benki hukataa. Na mwenye fedha yumo usingizini. Akiamka huitwa mdeni. Hakukopa kitu, hakumdanganya mtu, wala hakujua ya kuwa jina lake limejadiliwa na mashine mbili na kukataliwa. Je, mtu huyo amevunja ahadi? Na yule aliyekosa fedha yake ana haki gani ya kumfuatia, mara ngapi, kwa maneno gani, na mpaka lini?

Swali hili laweza kuulizwa popote, lakini nchi zisemazo Kiarabu ni mahali pafaapo kuliuliza. Biashara ya ada za kila mwezi, ya muziki, filamu, magazeti, vitabu vya kusikilizwa na masomo yaletwayo kwa intaneti, imekuta huko njia za fedha zenye mashimo mengi. Tena ni nchi ambazo deni limefikiriwa kwa karne nyingi na wanasheria, waandishi na watu wa sokoni, hata likawa na elimu yake.

Lugha yenyewe yatoa ushahidi. Kujiunga na huduma kwa kulipa ada huitwa kwa Kiarabu ishtirak. Herufi za asili ya neno hilo ndizo zilizokipa Kiswahili maneno shirika, ushirika na kushiriki. Kadhalika maneno deni na dini yametoka katika herufi tatu zile zile. Mwanafunzi wa lugha asijenge falsafa nzima juu ya nasaba ya maneno, kwa kuwa maneno ndugu huweza kuishi katika nyumba zilizo mbali. Lakini ni halali kuuliza kama mtu aliyeitwa mshiriki siku ya kujiunga anaweza kutendewa kama mtoro siku ambayo kadi yake imekataliwa.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwalimu wa hisabati katika mji wa Amman amefungua darasa la intaneti. Kila mwanafunzi hulipa dola 10 kwa mwezi. Namba ya kadi yake huhifadhiwa, na ada hukatwa yenyewe tarehe mosi. Msichana mmoja wa Alexandria amejiunga, na kwa miezi sita fedha yake imefika bila yeye wala mwalimu kuifikiria. Kisha mwezi wa saba haufiki.

Katika Oktoba 2023 benki za Misri, kwa uhaba wa dola uliokuwapo, zilisimamisha matumizi ya kadi za akiba za paundi kwa malipo ya fedha za kigeni. Fedha ya msichana ilikuwapo. Nia yake ilikuwapo. Kilichokosekana ni njia baina ya Alexandria na Amman. Watu wa Lebanon walikuwa wamekwisha kuyaona makubwa zaidi: tangu msukosuko wa Oktoba 2019 benki zao zilizizuia dola za wateja, na lira iliyokuwa imeshikizwa kwenye 1,507 kwa dola tangu 1997 ikaanguka hata ikapita 100,000 katika masoko ya mitaani mwezi Machi 2023. Mtu aliyekuwa na akiba ya maelfu ya dola katika benki ya Beirut hakuweza kuilipia kwayo ada ya gazeti la nje. Kumwita mtu wa namna hiyo mdeni mkaidi ni kuyaonea maneno kabla ya kumwonea mtu.

Walakini mtambo wa mfanyabiashara hauyaoni hayo. Benki ikikataa hujibu kwa namba. Namba 51 maana yake fedha hazitoshi. 54, kadi imepitwa na muda wake. Na 05, ambayo huonekana mara nyingi mno, husema tu ya kuwa malipo yasikubaliwe, wala haisemi kwa nini. Ni kama bawabu aliyefungua dirisha, akasema hapana, na kulifunga. Nyuma ya dirisha hilo huenda pana mtu aliyefilisika, au aliyebadilisha kadi, au benki iliyoogopa malipo ya ng'ambo, au serikali iliyoufunga mlango wa dola. Mfanyabiashara hupokea tarakimu mbili na kutoka katika hizo huanza kumhukumu mtu mzima.

Hapa inapasa kuuliza kwanza kama deni lipo. Ada ya kila mwezi kwa kawaida hulipwa kabla ya huduma. Msichana wa Alexandria tarehe mosi hakuwa amekula somo lolote la mwezi ule. Fedha isipofika, kilichotokea kwa maana halisi ni kwamba mwezi mpya haujanunuliwa; hakuna kilichotwaliwa bila malipo. Mwuza samaki hamwiti mdeni mshitiri aliyekuja kila Ijumaa na Ijumaa moja asije. Wafanyabiashara wengi hulisahau jambo hili, nao huzungumza juu ya fedha hiyo kana kwamba ilikuwa mfukoni mwao ikadondoka. Husema wanairudisha, wanaiokoa. Kitu huokolewa kikiwa kilikuwa cha mtu.

Pana jibu la upande wa pili, nalo lina uzito. Mwalimu wa Amman alikodi nyumba na kuajiri msaidizi kwa kutegemea ahadi ya wanafunzi wake. Walikubali ya kuwa ada itaendelea mpaka watakapotoa habari ya kuondoka. Ahadi ya namna hiyo si sawa na mazoea ya kununua samaki. Tena mitambo ikikataa malipo ya wanafunzi wengi katika mwezi mmoja, hasara humwangukia mtu asiyeweza kuibeba. Wanaozungumza juu ya haki ya mlipaji peke yake aghalabu humfikiria mfanyabiashara kama jumba kubwa la vioo. Mara nyingi ni mtu mmoja aliyeketi mbele ya daftari. Kwa hiyo mwalimu ana haki ya kuuliza. Haki ya kuuliza, hata hivyo, si haki ya kutwaa, na ubishi wote uliobaki umo katika nafasi iliyo kati ya mambo hayo mawili.

Sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyoyalea mawazo ya soko katika nchi hizi, iliwagawa wadeni katika mafungu mawili. Yuko asiyeweza, na Kurani katika sura ya pili, aya ya 280, inaagiza apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe kunatajwa kuwa bora zaidi. Yuko awezaye lakini huchelewesha, na mafundisho ya Mtume yamelihesabu cheleweshaji la tajiri kuwa dhuluma. Mgawanyo huo ni wa hekima, kwa sababu hautazami kiasi cha fedha bali hali ya mtu. Lakini fungu la tatu, la mtu asiyejua, halikuhitaji kuwekewa mkazo, kwa kuwa aya ya 282 ya sura ile ile, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ilikuwa imeagiza deni liandikwe na lishuhudiwe. Deni lililoandikwa mbele ya mashahidi haliwezi kuwa siri kwa mdeni. Mkataba wa leo pia huandikwa, tena kwa urefu ambao karani wa zamani angeustaajabia. Lakini hauna shahidi, na aliyeutia alama ya kukubali aghalabu hakuusoma.

Asiyejua, basi, ndiye mtu wa zama hizi, na wajibu wa kwanza juu yake si kumpa muda wala kumdai. Ni kumjulisha.

Lakini biashara nyingi huanza kinyume. Hujaribu tena kimya kimya. Mtambo hungoja saa kadhaa na kuomba fedha mara ya pili, kisha siku ya tatu, kisha ya tano. Shirika la kadi la Visa limeweka mpaka wa majaribio 15 katika siku 30 kwa malipo yaliyokataliwa. Na kuwekwa kwa mpaka kwaonyesha ya kuwa walikuwapo waliouhitaji. Kujaribu mara moja tena si kosa, maana mitambo nayo huwa na usiku wake mbaya. Kujaribu mara kumi bila kumwambia mwenye kadi neno lolote ni kubisha mlango wa nyumba ambayo mwenyewe hayumo, na kutumaini ya kuwa safari moja utasahauliwa wazi.

Ujuzi wa siku ndio unaolifanya swali kuwa gumu. Katika Saudia, serikali ililipa mishahara ya watumishi wake kwa mwezi mwandamo mpaka 2016, ilipohamia kalenda ya miladi; na tarehe 27 ya mwezi imekuwa siku ya mshahara inayojulikana na kila mwenye duka. Mfanyabiashara aliyekataliwa tarehe 20 kwa namba 51 anaweza kungoja mpaka tarehe 27. Je, huo ni uungwana au uviziaji? Kwa upande mmoja, amemwacha mtu apumue katika siku zake za ukata, hakumsumbua kwa jambo asiloliweza, na ameomba wakati ambapo kulipa hakumwumizi. Mwia mwema wa zamani angefanya hivyo hivyo. Kwa upande wa pili, tarehe 27 asubuhi mshahara una wenyewe wengi: kodi ya nyumba, karo, dawa za mzazi. Mtambo ulioamka saa saba za usiku huyatangulia yote hayo. Baba hupanga kumpa fungu la kwanza mwenye nyumba, lakini hukuta fungu la kwanza limekwisha kwenda kwa filamu.

Tofauti baina ya mambo haya mawili haimo katika tarehe. Imo katika kujua. Mtu akiambiwa tarehe 21 ya kuwa ada yake haikupita, ya kuwa itaombwa tena tarehe 27, na ya kuwa akitaka anaweza kuizuia kwa neno moja, tarehe ile ile inakuwa heshima. Asipoambiwa, inakuwa mtego uliotegwa mlangoni pa mshahara. Kwa hiyo mashine mbili zinaweza kutenda tendo moja, kwa saa moja, kwa kiasi kimoja, moja ikatenda haki na nyingine ikadhulumu. Wale wanaodhani maadili ya biashara yanaweza kusomwa katika hesabu peke yake walitafakari hilo.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi pale ada inapokatwa katika salio la simu. Njia hii imeenea katika nchi za Kiarabu, kwa sababu watu wengi wana simu na wachache wana kadi. Ada ndogo hukatwa kila siku au kila juma. Salio likiisha, mtambo hungoja. Na mara mwenye simu anapoongeza salio, ada hukatwa kabla hajapiga simu aliyoinunulia. Kijana aliyenunua salio ili amwulize mama yake hali ya ugonjwa hukuta limeliwa na nyimbo alizozisahau. Kwa daftari la kampuni, malipo yaliyokwama yamepatikana. Hapana shaka yamepatikana, kama vile fedha iliyoangushwa njiani hupatikana na mpita njia.

Baada ya tendo ni maneno, na maneno katika Kiarabu yana hatari ambazo Kiswahili hakizijui. Kitenzi cha Kiarabu humlazimisha mwandishi achague kama anasema na mwanamume au mwanamke. Ujumbe ulioandikwa mara moja kwa wateja wote humwita mwanamke kwa sauti ya kiume, naye hutambua mara moja ya kuwa hakuna aliyekuwa akisema naye. Ujumbe uliotafsiriwa kwa pupa kutoka Kiingereza huwa na ubaya zaidi: tarakimu na anwani za herufi za Kilatini, zinazoandikwa kutoka kushoto, hujichanganya katikati ya maandishi yanayotoka kulia, na barua ya kudai fedha ikifika katika hali ya machafuko hufanana na barua ya matapeli. Msomaji mwenye busara huifuta, kisha hulaumiwa kwa kutojibu.

Kuna pia neno lenyewe la kushindwa. Ujumbe waweza kusema malipo yamepatwa na fashal, nalo ni neno la anguko na kutofaulu. Kutoka humo hutoka fashil, jina apewalo mtu aliyeshindwa maishani. Au ujumbe waweza kusema ya kuwa malipo hayakutimia, kwa kitenzi kile kile cha Kiarabu kilichokipa Kiswahili kutimia. Habari ni moja. Lakini ya kwanza imemnyoshea mtu kidole, na ya pili imekionyesha kitu kilichobaki nusu. Mtu anaweza kudhani huu ni ubishi wa wanasarufi. Basi na aufikirie ujumbe huo ukisomwa juu ya simu iliyowekwa mezani, na mkwe amekaa karibu. Fedheha ya deni ni adhabu, na adhabu isiyopitishwa na hakimu ni dhuluma hata ikiwa ndani ya sentensi moja.

Faini ya kuchelewa haihitaji maneno mengi. Wanasheria wengi wa Kiislamu huihesabu kuwa riba. Taasisi ya viwango vya hesabu za kifedha za Kiislamu iliyo Bahrain imekubali ya kuwa mdeni awezaye lakini achelewaye aweza kuahidi mapema kutoa kiasi fulani kwa sadaka, na mwia asikile. Hila hiyo ina uzuri wake: adhabu inabaki, lakini haimnoneshi anayeitoa.

Lililo zito kuliko yote ni ukimya wa mtu anayetaka kuondoka. Wako watu ambao kadi yao ikifa hufurahi. Waliijaribu njia ya kujitoa wakaikuta imefichwa nyuma ya maswali manane, wakaacha. Kadi ilipopitwa na muda wakasema moyoni, alhamdulillahi, jambo limekwisha. Kisha benki ikatoa kadi mpya, namba mpya ikamfikia mfanyabiashara kwa njia za mitambo zilizowekwa kwa kazi hiyo, na ada ikaanza kukatwa tena. Kwa wahesabu, mteja ameokolewa. Kwa kweli mtu alikuwa amekwisha kutoka nyumbani, akarudishwa kwa kola ya shati. Anayetetea tendo hilo husema hakutoa habari ya kuondoka. Ni kweli, lakini hakutoa pia habari ya kubaki, na katika mambo ya mali ya mtu ukimya haustahili kufasiriwa siku zote kwa faida ya yule anayeufasiri. Ingekuwa mlango wa kutoka ni mpana kama wa kuingia, ukimya wa mteja ungekuwa na maana. Aliyeufanya mwembamba hana haki ya kuutumia ukimya huo kama ushahidi.

Hata hivyo, kuikata huduma papo hapo malipo yanapokwama nako kuna ukali wake. Msichana wa Alexandria ana mtihani. Akifungiwa darasa usiku ule ule, ameadhibiwa kwa uamuzi wa benki ambao hakuufanya. Kiarabu kina neno muhla, muda apewao mtu wa kutimiza jambo. Kiswahili kimelipokea kuwa muhula, na wanafunzi wengi hulijua kama jina la kipindi cha masomo. Maana zote mbili zinamfaa.

Tuseme mwalimu aliupata ukweli kwa kuuliza. Msichana akajibu ya kuwa kadi imefungwa kwa malipo ya nje, ya kuwa anataka kuendelea, na ya kuwa atalipa njia ikifunguka. Mwalimu akakubali. Tangu saa hiyo deni lipo, deni halisi la mtindo wa kale, kwa maana watu wawili wanalijua. Alisoma Novemba, Desemba, Januari na Februari: dola 40. Siku walipokubaliana dola moja ya benki ilikuwa karibu paundi 31. Tarehe 6 Machi 2024 benki kuu ya Misri iliiachia paundi, na dola ikafika karibu 50; kisha benki zikaanza kulegeza masharti ya kadi. Njia imefunguka, na deni lililokuwa paundi 1,240 limekuwa 2,000.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, lilihukumu ya kuwa deni hulipwa kwa mfano wake na si kwa thamani: aliyekopa dola hulipa dola. Hukumu hiyo ni safi, na kwa fedha iliyo imara haina ubishi. Hapa inamwelemea asiyechelewesha kwa hiari, ambaye fedha yake ilikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Lakini mwalimu hakuishusha paundi, na kodi yake katika Amman hailipwi kwa paundi za Oktoba. Akiandika 1,240 katika daftari, hasara ni yake. Akiandika 2,000, ni ya msichana. Akigawa nusu kwa nusu, kila mmoja amelipia kosa la mtu wa tatu ambaye hamo darasani. Na hizo paundi 760 zenyewe hakuna hata mmoja kati yao aliyezila.